Vikombe Viwili na Sekunde Moja na Sita ya Kumi: Hotuba Kuhusu Vibango Vidogo Vinavyocheza

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa usanifu, wazazi mliopata nafasi ya kufika, na ndugu zangu nyote, habari za asubuhi. Nashukuru kwa mwaliko huu. Nimeombwa nizungumzie vibango vidogo vya mtandaoni, vile vinavyocheza, na namna ya kuvitengeneza kwa mkono, pikseli baada ya pikseli, yaani nukta moja moja zinazounda picha kwenye skrini. Najua wapo wanaojiuliza kwa nini tutumie asubuhi nzima kwa kitu ambacho kidole gumba kinakifunika chote kwenye skrini.

Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo mpaka mwisho. Uhai wa kibango kinachocheza unatokana na muda. Mwenye kujua fremu gani, yaani picha gani katika mfuatano, ikae na fremu gani ipite haraka, atachora picha mbili tu na mpita njia atageuza shingo. Asiyejua, mpe picha hamsini nzuri, atakuletea kitu kinachochosha macho. Ujuzi huu wa muda unaingia mwilini ukipanga kila fremu mwenyewe, ukaiangalia, ukairekebisha, ukaiangalia tena. Sijaona njia nyingine ya kuupata.

Tuanze na asili ya kifaa chenyewe. Juni 1987, kampuni ya CompuServe ya Marekani ilitoa muundo wa picha uitwao GIF, kazi iliyoongozwa na Steve Wilhite. Enzi hizo watu waliingia mtandaoni kupitia simu ya mezani, na picha moja ilishuka kwenye skrini taratibu, mistari juu kisha mistari chini. Wilhite na wenzake walitaka picha ndogo kwa uzito, zinazofunguka kwenye kompyuta za kila aina. Mwaka 1989 likaja toleo la 89a, na ndilo tunalotumia hadi leo hii. Liliongeza mambo mawili yaliyotuletea riziki sisi wa fani hii: muda wa kukaa kwa kila fremu, na rangi moja inayoweza kufanywa kuwa uwazi. Kilichobaki ni kuzunguka, yaani picha ifike mwisho na kuanza upya. Hilo lilikuja katikati ya miaka ya 1990 na kivinjari cha Netscape Navigator 2.0. Ukichukua leo faili la GIF linalozunguka, hata lililotengenezwa jana usiku, ukalifungua kwa programu ya kusoma baiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyounda faili, utakuta ndani yake herufi NETSCAPE2.0. Kivinjari chenyewe hakitumiki tena, lakini agizo la kuzunguka bado linabeba jina lake.

Miaka hiyohiyo matangazo yakaingia mtandaoni. Oktoba 1994, tovuti ya HotWired ilianza kuweka mabango ya kulipiwa, na miongoni mwa ya kwanza lilikuwa la kampuni ya simu ya AT&T. Baadaye kipimo cha pikseli 468 kwa 60 kikawa ndicho kipimo cha kawaida cha bango la biashara. Mimi lakini moyo wangu uko kwa ndugu yake mdogo, wa pikseli 88 kwa 31. Kitufe cha Netscape Now, kilichowaalika watu kupakua kivinjari cha Netscape, kilikuwa cha kipimo hicho, na watu wa kawaida wakakichukua: wenye kurasa zao za nyumbani, wapenda magari, walimu, watoto wa shule. Huduma ya GeoCities, ambako watu waliweka kurasa zao binafsi, ilijaa vibango hivyo. Kila mtu alichora chake, akampa jirani, jirani akakiweka kwenye ukurasa wake, na mgeni akikibonyeza anafika kwako. Yahoo waliinunua GeoCities mwaka 1999 na kuifunga Oktoba 2009. Watu wa kujitolea walikimbilia kuhifadhi walichoweza, na mwaka 2016 maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive wakafungua GifCities, mahali pa kutafuta picha zinazocheza zilizookolewa kwenye kurasa hizo. Kaangalieni. Msiangalie kwa ajili ya kucheka mambo ya kale. Angalieni jinsi mtu asiye na shahada yoyote ya usanifu alivyofanya moto uwake kwa fremu tatu.

Kuna jambo moja hapa linanigusa sana. Baada ya GIF, matangazo mengi yalihamia Flash, teknolojia nyingine ya picha zinazocheza, yakawa na sauti, michezo, na mbwembwe zote. Adobe waliacha kuihudumia Flash mwishoni mwa mwaka 2020, na vivinjari vikaitoa. Kazi ya miaka mingi ya wasanii wengi haifunguki tena bila kutafuta programu maalumu ya kuiigiza. Kibango cha GIF cha mwaka 1996 kinafunguka kwenye simu uliyonayo mfukoni sasa hivi. Ninapowaambia wanafunzi wajifunze chombo hiki cha zamani, hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza.

Sasa tuingie kazini.

Zidisha 88 kwa 31. Unapata pikseli 2,728. Hicho ndicho kiwanja chako chote. Mkitaka kukielewa haraka, kichukueni kama khanga: kina pindo kuzunguka, kina mji katikati, na kina jina. Pindo ni mstari wa pikseli moja unaokitenga kibango na ukurasa, na usipouweka, kibango chenye usuli mweupe, yaani rangi ya nyuma nyeupe, kitazama kwenye ukurasa mweupe. Mji ni mchoro. Jina ni maneno, na kwenye maneno ndipo sisi waandishi wa Kiswahili tunapata mtihani wetu.

Herufi ndogo inayosomeka vizuri kwa mkono ni ya pikseli 5 kwa upana na 7 kwa urefu, pamoja na pikseli moja ya nafasi kati ya herufi na herufi. Chukua neno TUNAWAKARIBISHA. Lina herufi 15. Piga hesabu: linataka pikseli 89. Neno moja tu limeshazidi upana wa kibango kizima, na hujaweka pindo wala mchoro. KARIBU ni pikseli 35. Kwa hiyo kabla hujashika penseli, kaa na maneno. Kiswahili kina maneno marefu kwa sababu kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, lakini kina maneno mafupi ya sokoni pia: WAZI, BEI POA, MOTO MOTO, LEO. Msanii anayekimbilia kubana herufi ziwe za pikseli 3 ili sentensi iingie anajidanganya. Punguza maneno, herufi ziache zipumue.

Mfano ninaotaka kuwaonyesha kwa karibu ni kibango cha muuza kahawa. Namzungumzia yule mnayemfahamu, wa Unguja, wa Mombasa, wa mitaa ya Dar es Salaam, anayetembea na dele lake juu ya jiko la mkaa. Kabla hujamwona umeshamsikia, maana anagonganisha vikombe mkononi. Ile sauti ndiyo tangazo lake, na haihitaji maneno. Kibango cha GIF hakina sauti hata kidogo. Swali la msanii ni hili: nitafanyaje jicho lisikie?

Nimechora vikombe viwili vidogo upande wa kushoto, kila kimoja pikseli 9 kwa 8, vyeupe, na mstari wa buluu chini ya mdomo. Kulia nimeandika KAHAWA, na chini yake TUNGU. Hiyo ndiyo picha ya kwanza: vikombe vimeachana kwa pikseli mbili. Picha ya pili nimesogeza kila kikombe pikseli moja kuelekea mwenzake, vimegusana, na juu ya pale vilipogusana nimeweka pikseli tatu za njano zilizotawanyika. Basi. Hakuna picha ya tatu.

Mara ya kwanza nilipanga kila fremu ikae muda uleule. Vikombe vikawa vinakwenda na kurudi sawasawa, tiki-taka, tiki-taka, na ukiangalia unaona saa ya ukutani. Muuza kahawa hayumo. Yule mzee hagongi hivyo. Anagonga mara mbili harakaharaka, ananyamaza, anatembea hatua kadhaa, anagonga tena. Ukimya wake ni sehemu ya wito. Basi nikapanga upya. Muda kwenye GIF unahesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde. Vikombe vimeachana: 10. Vimegusana: 10. Vimeachana: 10. Vimegusana: 10. Vimeachana: 120. Jumla 160, yaani sekunde moja na sita ya kumi. Picha ni zilezile mbili, nimezipanga kwenye fremu tano. Lakini sasa ukiangalia kwenye skrini hii, wengi wenu mmeshasikia. Naona mnatabasamu. Sauti hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye ile 120. Fremu isiyofanya lolote ndiyo imezipa zile nyingine nne maana yake.

Nawaomba mkae na jambo hili, kwa sababu ndilo hasa lililonileta. Mwanafunzi akiona mchoro wake haujachangamka, kwa kawaida anaongeza fremu. Ninachomwambia ni hiki: usiongeze, badilisha muda. Jicho linapopepesa linafungwa kwa muda mfupi sana na kukaa wazi kwa muda mrefu. Mlango unaofunguliwa kwa furaha unaanza polepole na kumalizia kwa kasi. Samaki akigeuka anakaa kidogo kabla ya kugeuka. Nenda barabarani uangalie vitu vinavyojongea na uhesabu kimoyomoyo. Utaona karibu hakuna kitu kilicho hai kinachokwenda kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho.

Tahadhari moja ya kiufundi hapo: usiandike muda wa 0 au 1 ukidhani utapata kasi ya ajabu. Vivinjari vingi vikikuta namba ndogo hivyo vinaipuuza na kuweka 10, na kibango chako kitakuwa goigoi bila wewe kuelewa kwa nini. Anzia 2 kwenda juu.

Mtaona pia kwamba fremu yangu ya kwanza na ya mwisho zote ni vikombe vilivyoachana, na maneno yako kwenye fremu zote. Hiyo ni makusudi. Zipo programu za barua pepe zinazoonyesha fremu ya kwanza peke yake, na zipo sehemu ambako mzunguko unafika mwisho na picha inasimama kwenye fremu ya mwisho. Popote itakaposimama, jina la biashara lisomeke. Ninaumia ninapoona kibango ambacho fremu yake ya kwanza ni giza tupu kwa sababu msanii alitaka maneno yaingie kwa madoido.

Tuje kwenye uzito. GIF inabeba rangi zisizozidi 256, na paleti yake, yaani orodha ya rangi zake, inakwenda kwa kuzidisha mbili: 2, 4, 8, 16, mpaka 256. Kila rangi kwenye paleti inachukua baiti 3. Paleti kamili ya rangi 256 ni baiti 768 kabla hujachora nukta moja. Kibango changu cha kahawa kina hudhurungi ya usuli, nyeusi ya pindo, nyeupe ya vikombe, kijivu cha kivuli, buluu ya mstari, njano ya cheche na rangi ya maziwa kwa herufi. Rangi saba, na nafasi ya nane nimeiacha kwa ajili ya uwazi. Paleti ya rangi nane ni baiti 24. Na pikseli 2,728 zenye rangi nane, hata zikiwekwa bila kubanwa kabisa, ni baiti 1,023 kwa fremu. Kisha inakuja hesabu ya kubana iitwayo LZW, ambayo inafanya kazi kwa kukumbuka mfuatano uliokwishapita. Usuli wa rangi moja iliyotulia inaubana vizuri sana. Picha ya kamera iliyojaa vinukta vya rangi elfu inaishinda, ndiyo maana video iliyogeuzwa GIF inafika megabaiti na bado inaonekana chafu.

Na fremu za baadaye hazilazimiki kubeba kibango kizima. Zinaweza kubeba kipande kilichobadilika tu. Kwangu mimi kilichobadilika ni vikombe, eneo la pikseli 22 kwa 14, ambazo ni 308, karibu sehemu moja ya tisa ya kibango. Kwa nini nahangaika na baiti wakati simu za leo zina nguvu? Kwa sababu anayefungua ukurasa huo, Masasi au Lodwar, amenunua bando. Kila baiti unayompelekea ameilipia kwa fedha yake, na hajakuomba tangazo. Kumpelekea kilobaiti mbili au tatu badala ya megabaiti mbili ni adabu kabla ya kuwa ufundi.

Uwazi nao una kanuni yake ngumu. Kwenye GIF pikseli ama ipo ama haipo, hakuna nusu. Ukichora duara lenye kingo laini juu ya usuli mweupe kisha ukauondoa weupe, pembeni zitabaki pikseli zilizochanganyika na weupe, na ukikiweka kibango kwenye ukurasa mweusi kitaonekana kimevaa pete chafu. Dawa yake ni kutumia penseli inayochora pikseli kamili badala ya brashi laini, na kulainisha kingo kwa mkono kwa rangi unazozijua.

Jambo jingine linalowasumbua wanaoanza ni nini kinatokea kwa fremu iliyopita pale inayofuata inapoingia. Una hiari: iache palepale na mpya ikae juu yake, ifute ibaki uwazi, au irudishe hali iliyokuwa kabla yake. Ukiona kitu kinachojongea kinaacha nyayo zake nyuma kwenye skrini, tatizo ni hapo, wala si kwenye mchoro wako.

Sasa naomba nizungumze kwa uzito kidogo. Mwanga unaowaka na kuzima kwa kasi unaweza kuwaletea baadhi ya watu shambulio la kifafa. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti inasema kitu kisimetemete zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja. Inasema pia kwamba kinachojongea chenyewe kwa zaidi ya sekunde tano, kikiwa kando ya maandishi mengine, lazima msomaji apewe njia ya kukisimamisha. Vikombe vyangu vinagongana mara mbili, kisha vinatulia. Nimeupa mzunguko mara tatu, ambazo ni sekunde 4.8, halafu unasimama. Mwenye biashara huenda akakuambia anataka kizunguke milele na kiwake zaidi. Msikilize kwa heshima, kisha mweleze. Kuna mtu mwenye shida ya kusoma anayejaribu kufuata habari pembeni ya kibango hicho, na macho yake yanavutwa kila sekunde. Huyo naye ni mteja, na ukimfukuza harudi.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, kwa sababu mtaviona mezani. GIMP ni ya bure na inatosha kwa kazi hii: kila leya, yaani tabaka la mchoro, ni fremu, na ukiandika ndani ya mabano mwishoni mwa jina la leya muda kwa milisekunde, kwa mfano 1200ms, programu inauheshimu wakati wa kuhifadhi. Wapo wanaopenda Aseprite, ambayo inauzwa, na ipo Piskel inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Kwa kubana na kupanga idadi ya mizunguko natumia gifsicle. Kwenye skrini za simu za leo kibango cha 88 kwa 31 kinakuwa kidogo, kwa hiyo kikuzeni mara mbili kamili, 176 kwa 62, na mwambieni kivinjari kisikilainishe. Mara moja na nusu hapana, pikseli zitavurugika. Na mkimtumia mteja kazi kwa WhatsApp, itumeni kama dokyumenti. Mkiituma kama GIF inageuzwa kuwa video, na pikseli mlizozipanga kwa saa kadhaa zinakuwa ukungu.

Nimeulizwa mlangoni kuhusu programu zinazotengeneza bango kamili kwa kuandikiwa sentensi moja. Zitumieni mkitaka kwa kazi za haraka, sitawazuia. Lakini programu hiyo haijawahi kusimama kwenye baraza la mtaa wenu ikasubiri kahawa. Haijui kama mzee wa kwenu anagonga mara mbili au mara tatu, na anakaa kimya kwa muda gani kabla ya kugonga tena. Wewe unajua. Ukishajua kulipanga hilo kwa mkono, utaweza pia kuirekebisha programu pale inapokosea. Asiyejua atapokea chochote anachopewa.

Mwisho kabla ya kwenda mezani: faili la GIF89a lina sehemu ya kuhifadhi maneno ambayo hayaonekani kwenye picha. GIMP, usipoigusa, huandika hapo kwamba kazi imetengenezwa kwa GIMP. Futeni, andikeni majina yenu na mwaka. Kibango kitanakiliwa, kitahamishwa kutoka ukurasa hadi ukurasa, na jina lako litasafiri nacho.

Kompyuta zimewashwa. Fungueni kanvasi ya 88 kwa 31, kuzeni hadi asilimia 800, wekeni pindo kwanza. Kila mmoja achague mfanyabiashara wa mtaani kwake ambaye watu humsikia kabla ya kumwona: mpiga kiwi na brashi yake juu ya kisanduku, muuza aiskrimu na kengele ya baiskeli, fundi cherehani. Michoro miwili tu, fremu zisizidi tano, rangi nane. Msiandike muda wowote mpaka muwe mmeigonga sauti yenyewe mezani kwa vidole na jirani yako akaitambua. Nitapita kwa kila mmoja.